Gari la Watu Wawili

Siku Kitinda alipopata leseni ya udereva, watu wa nyumbani kwao walifurahi kuliko yeye mwenyewe, na hapo ndipo alipoanza kuogopa.

Mama yake aliipokea ile kadi kwa ncha za vidole, akaitazama picha, akaigeuza nyuma kama anayetafuta bei, kisha akasema, "Haya, sasa tumepata dereva." Hakusema umepata leseni. Alisema tumepata dereva. Shangazi, dada yake baba, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage, akasema bila kuinua kichwa kwamba goti lake limesikia habari njema, maana ngazi za basi zimelimaliza. Baba akakohoa. Baba alikuwa mtu wa kukohoa. Ukitaka kujua anawaza nini ilibidi uwe umekaa naye miaka mingi, na bado ungebahatisha.

Kitinda lilikuwa jina la utani tu, kifupi cha kitinda mimba, na kitinda mimba katika nyumba ile alikuwa na cheo chake: kutumwa. Tangu miguu yake iliposhika ardhi ametumwa chumvi, ametumwa dawa, ametumwa kwa jirani kuuliza kama ile ngazi aliyoiazima bado anaitumia. Mtu aliyetumwa hivyo kwa miguu hahitaji kuambiwa atatumwaje akiwa na magurudumu manne. Na siku yake ya kupumzika katika wiki ilikuwa moja tu, Jumapili. Hiyo Jumapili ndiyo aliyokuwa anaipigania. Gari alilitaka, tena alilitaka sana, gari la raha, la kupandisha mlima huku upepo unampiga usoni. Ila alitaka liwe lake.

Kazi yake ilikuwa fundi wa lifti. Kampuni yao ndogo ilitunza lifti za majengo ya katikati ya mji, na kila asubuhi Kitinda alishuka kwenye mashimo yenye giza na harufu ya grisi, akasugua reli, akakagua kamba za chuma, akabadilisha vitufe vilivyochokonolewa na watu wasio na subira. Ndani ya kila lifti kuna kibao kidogo cha bati: watu wanne, kilo mia tatu. Kibao hicho ndicho kilichompa wazo. Siyo kwamba watu wanakisoma, hakuna anayekisoma. Lakini akiingia mtu wa kuzidi, kengele inalia, mlango unagoma kufunga, na yule wa mwisho anatoka mwenyewe huku anatabasamu kwa aibu. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemnunia. Lifti ndiyo imekataa, si mtu.

Kitinda alilipenda jambo hilo kupita kiasi. Maisha yake yote hakuwahi kuweza kutamka neno "siwezi" mbele ya mama yake. Lilikuwa linafika kwenye meno linarudi. Na hapa kulikuwa na chombo cha kulisema badala yake, bila moyo mbaya. Akaamua kununua gari linalokataa. Gari la viti viwili.

Na ukweli usemwe, kile kiti cha pili kilikuwa kimeshapata mwenyewe kabla gari halijapatikana. Katika jengo moja lililojaa kliniki kulikuwa na duka la dawa, ghorofa ya nne, na humo alikuwamo mfamasia, binti mwenye macho ya kucheka na midomo isiyocheka. Siku moja lifti ilimkwamia kati ya ghorofa mbili. Kitinda alipofika akatega sikio mlangoni akitegemea kusikia kilio. Alisikia mtu anatafuna.

"Dada, uko salama?"

"Niko salama. Nina njugu zangu. Hapa wameandika watu wanne. Wanne wa ukubwa gani?"

"Wa kawaida."

"Wa kawaida ndio wepi, fundi? Mimi na mama yangu tunahesabiwa sawa?"

Waliendelea hivyo kupitia ufa wa mlango mpaka alipomtoa, na tangu hapo lifti ya jengo lile ikawa inahitaji kukaguliwa mara nyingi kuliko lifti yoyote mjini, hata ikiwa nzima kabisa.

Mama naye hakukaa bure. Alikuwa ameshamwona mtu mwenye gari la kuuza, akamshika mwanawe mkono wakaenda kuliangalia. Lilikuwa gari la rangi ya majivu, limeumbwa kama mkate.

"Limetulia," mama alisema. "Lina viti saba. Na huko nyuma unaweka gunia."

"Gunia la nini, mama?"

"Lolote. Gunia halikosekani."

"Mama, mimi natafuta gari la kufurahia."

"Kwani humu tutalia? Tutafurahi wote."

Kitinda aliliendesha mpaka njia panda na kurudi. Lilikata kona kama mgonjwa anayegeuka kitandani. Aliyemwokoa alikuwa mtu wa bima, bwana mmoja mwenye tai iliyolegea, aliyemweleza kwa upole kwamba kijana aliyepata leseni juzi huhesabiwa kama mtu ambaye tayari amegonga, isipokuwa bado hajachagua ukuta. Kwa hiyo gari likiwa kubwa, malipo yanapanda. Likiwa dogo, mtu anapumua. Kitinda alirudi nyumbani na uso wa huzuni alioutengeneza njiani.

"Mama, watu wa bima hawalitaki lile. Wanasema nichukue dogo."

"Dogo kiasi gani?"

"Dogo tu," akasema, akaingia bafuni kabla swali halijakua.

Wiki ile ile alikuwa kazini na mkubwa wake, mzee aliyeitwa Mzee Kamba kwa sababu alikuwa anagonga kamba ya lifti kwa ukucha na kukuambia ina umri gani. Walikuwa juu ya paa la jengo moja la zamani, kwenye kile chumba cha mashine ambamo mtu husimama ameinama. Mota ilikuwa ya moto, imetoa harufu ya kuungua.

"Unajua kwa nini hii inakufa kila mwaka?" Mzee Kamba aliuliza, akiipepea kwa kofia yake kama anayempepea mtu aliyezimia.

"Grisi?"

"Grisi nini. Mwenye jengo aliweka lifti ya watu wawili. Akili yake ilimwambia ukiweka lifti ndogo, watu watapungua. Hawakupungua hata mmoja, kijana. Wote wako chini pale wanangoja. Kilichoongezeka ni safari. Mota hailali."

"Kweli, mzee," Kitinda alisema, akaandika namba ya mota, akafuta mikono kwa tambara, na jioni hiyo hiyo akaenda kununua gari la viti viwili.

Lilikuwa limeegeshwa pembeni kabisa kwenye uwanja wa magari ya kuuza, kama mtoto aliyetolewa darasani. Rangi yake ilikuwa ya kiini cha yai. Taa zake za mbele zilikuwa duara, zimetoa macho kama lilisikia jambo likashangaa likabaki hivyo hivyo. Paa lake lilikuwa turubai la kukunja. Ukilisukuma nyuma, mbingu yote ni yako.

"Hili lilikuwa la daktari wa meno," dalali alimwambia. "Mkewe akajifungua mapacha."

"Ndiyo sababu akaliuza?"

"Wewe ungewaweka wapi? Bwana mdogo, nikuambie kweli, watu wanakuja hapa wanalizunguka, wanacheka, wanapiga nalo picha, kisha wanaondoka na jingine lenye milango minne. Ndiyo maana bei yake imechoka. Ukikuta mtu anauza raha kwa bei hii, ujue wenye familia wamelikimbia."

"Wenye familia hawalitaki kabisa?"

"Hata kulikaribia."

Dalali alidhani amesema neno baya, akaanza kutafuta la kulifunika. Hakujua amemaliza kazi. Kitinda alifungua mlango na kuufunga, akaufungua tena na kuufunga, ametega sikio. Akavuta breki ya mkono, akalisukuma gari kwa bega aone kama litateleza. Akalala chini akatazama nyaya zake zinavyokaa. Injini hakuiuliza hata jina. Kisha wakatoka nalo barabarani, akalikunja paa, na kwenye kona ya kwanza akajikuta anacheka peke yake kama mtu aliyetekenywa. Gari lilikuwa jepesi. Ukiliambia kulia, lilikuwa limeshafika kulia linakungoja.

Nyumbani walitoka wote. Mama alilizunguka, akafungua mlango, akaingiza kichwa, akatazama nyuma ya viti kwa muda mrefu.

"Vingine viko wapi?"

"Ndivyo hivyo, mama."

"Viwili?"

"Viwili."

Mama alimwekea mkono begani. "Maskini mwanangu. Wamekuibia."

"Hawajamwibia," Shangazi alisema. "Huyu amejificha. Fundi lifti mzima anakwepa kutoa lifti."

Baba alikohoa, mara mbili, akaenda kukaa.

Kwa muda mfupi mambo yakawa kama yalivyoandikwa kwenye kibao. Walipotaka kwenda sokoni walilitazama lile gari, wakahesabiana kwa macho, wakaenda kupanda basi. Hakuna aliyenuna. Kitinda aliwasindikiza hadi kituoni kwa heshima zote, akabeba na kikapu. Moyoni alikuwa anasikia kengele inalia, tamu kama muziki.

Ndipo akamwalika mfamasia. Alimwambia Jumapili, saa kumi alasiri, waende kwenye bwawa la maji nje ya mji, barabara nzuri yenye kona, paa likiwa wazi. Mfamasia alikuwa anahesabu vidonge kwenye kisahani.

"Fundi, mimi mtu akinichelewesha mara moja namsamehe."

"Sawa."

"Lifti yako ilishanichelewesha. Kwa hiyo ile mara moja umeshaitumia."

"Sitachelewa."

"Tutaona," akasema, na kwa mara ya kwanza midomo nayo ikacheka kidogo.

Jumamosi jioni, Kitinda akiwa anafuta vumbi kwenye zile taa za mshangao, mama alikuja akasimama nyuma yake.

"Kesho dada yako ametuita. Tukaione nyumba aliyohamia."

Dada yake mkubwa alikuwa amehamia juu ya mlima, upande wa pili wa mji. Basi linaishia chini.

"Mtafurahi," Kitinda alisema. "Mimi gari langu, unajua tena, ni la watu wawili."

"Najua. Kwani mimi sina macho? Wewe na mimi. Ukirudi, wewe na shangazi yako. Ukirudi, wewe na baba yako." Mama akafikiri kidogo. "Ila utaanza na sufuria."

"Sufuria?"

"Nimeahidi kupeleka mchuzi. Sitaupakata na nguo nyeupe. Utauweka kwenye kiti, uufunge mkanda."

Kitinda akafungua mdomo. Lile neno likaja, likafika kwenye meno. Likarudi.

Kwa hiyo Jumapili, adhuhuri, gari la raha lilitoka uani likiwa na sufuria kubwa kwenye kiti cha abiria, imefungwa mkanda kifuani, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa kama mtu mwenye maumivu ya jino. Watu walisimama kutazama. Alivuka mji, akapanda mlima, dada akaipokea sufuria mlangoni kwa heshima kuliko alivyompokea yeye, naye Kitinda akarudi nyumbani kumchukua mama.

Mama alikaa, akavuta mlango, akashusha sauti ingawa hakukuwa na mtu wa tatu wa kumsikia. Hapo ndipo Kitinda alipoanza kuelewa alichonunua. Kwenye gari la viti saba abiria wanasemezana wenyewe na dereva anaachwa na barabara yake. Humu kila anayeingia ana mtu mmoja tu wa kuzungumza naye, na huyo mtu hawezi kuinuka akaenda zake.

"Hatujawahi kukaa hivi, mimi na wewe," mama alisema. "Sasa niambie. Unaoa lini?"

Safari ile ilikuwa ndefu.

Shangazi yeye alitaka paa liondolewe kabla hajakaa. Kuingia aliingia vizuri, alijiachia tu akadondoka kwenye kiti. Mtandio wake ukawa unapeperuka nyuma yao, naye akawapungia mkono watu asiowajua, mmoja mmoja, taratibu, kama mgeni rasmi.

"Unajua," alisema walipokuwa wamesimama kwenye taa nyekundu, "mimi sijawahi kukaa mbele."

"Mbele wapi?"

"Mbele ya gari. Mimi sina mume wala mtoto wa kuniwekea kiti. Kwenye magari ya watu huwa nawekwa nyuma, katikati, halafu napewa mkoba wa mtu niushike. Kumbe kutoka hapa dunia unaiona hivi." Taa ikawa kijani. "Zunguka tena pale kwenye mnara tuliopita."

"Shangazi, nina haraka."

"Najua. Zunguka mara moja tu."

Akazunguka. Angefanyaje? Na walipofika, kutoka ndani ya gari lile la chini kukawa ni kazi ya fundi: goti lilikataa, ikabidi amkumbatie kiunoni, dada avute mikono, Shangazi akicheka mpaka akaishiwa nguvu na kukaa tena, wakaanza upya.

Alipomfuata baba, saa tisa ilikuwa imeshafika. Baba alikuwa amesimama mlangoni amevaa koti, kofia mkononi. Akaingia, akajifunga mkanda, akatazama mbele. Walivuka soko, wakavuka reli, wakavuka barabara ya stendi, baba hajakohoa hata mara moja. Kitinda alikuwa anaitazama saa ya gari, ambayo haikuwa imetembea tangu enzi za daktari wa meno, kisha anaitazama ya mkononi, ambayo ilikuwa inatembea kupita kiasi.

"Mimi nilinunua pikipiki kwa sababu hiyo hiyo," baba alisema.

"Sababu gani, baba?"

"Hiyo yako." Baba akanyoosha kofia kwenye paja. "Wewe ulikuwa hujazaliwa. Nikajiambia, pikipiki ni mtu na mwenzake, basi. Siku ya kwanza mama yako akakaa nyuma. Ya pili dada yako akakaa kwenye tangi. Kisha shangazi yako akapanda na mzigo wake."

"Ukaiuza?"

"Ilikatika katikati."

Kitinda hakujua acheke au aombe radhi.

"Kuna mtu anakungoja?" baba akauliza.

"Ndiyo."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi."

Mbele yao mlima ulikuwa umeanza kuinuka, na chini yake kile kibanda cha basi, mwisho wa njia.

"Simama hapa."

"Baba, huu mlima..."

"Nina miguu. Juu nitawaambia gari limekataa." Akafungua mkanda. "Si ndiyo kazi uliyolinunulia?"

Akatoka, akavaa kofia, akaanza kupanda polepole, mikono nyuma. Kwenye kona ya kwanza alisimama akakohoa, na safari hii ilisikika kabisa kwamba anacheka.

Kitinda aligeuza gari. Kona zote alizozinunua kwa ajili ya raha alizipita bila kuziona. Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani, mwingine unafuta tone la mchuzi kwenye kiti cha pembeni. Alifika kwenye geti la akina mfamasia ikiwa saa kumi kamili, shati limemgandia mgongoni, akashukuru.

Mfamasia alikuwa anangoja nje, amependeza. Pembeni yake alikuwa amesimama mama mmoja mnene, mrefu, amevaa gauni la kutokea, miwani ya jua, na kitambaa cha kichwani kilichofungwa kwa nguvu, kifundo kwa kifundo, kama mtu aliyeambiwa habari za upepo.

"Umewahi," mfamasia alisema.

"Nimewahi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndilo hili?"

"Ndilo, mama," binti yake alijibu. Kisha akamvuta Kitinda hatua kando. "Fundi, nilikosea. Nilimwambia kuna gari la wazi. Amevaa tangu asubuhi."

"Lakini ni la..."

"La watu wawili, najua. Ndiyo nimefurahi. Lingekuwa la wanne ningelazimika kukaa nyuma nisikilize maswali yake yote." Akaweka mkoba begani. "Ninyi tangulieni. Mimi nitakuja na basi, tukutane bwawani."

"Yaani mimi na mama peke yetu?"

"Kilo mia tatu zinatosha," mfamasia alisema, na midomo ikacheka waziwazi. "Usimwonyeshe kwamba unaogopa. Mimi sikuogopa ndani ya lifti yako."

Yule mama alikuwa ameshakaa. Gari likazama kidogo upande wake, likatulia. Kitinda akazunguka, akakaa, akaufunga mlango wake taratibu, akangoja. Hata yeye hakujua anangoja nini. Kengele haikulia. Milango ilikuwa imefunga vizuri, yote miwili, na ndani walikuwamo watu wawili.

Kwenye kioo alimwona mfamasia anatembea kwenda kituoni, mabega yanamtikisika.

"Haya, baba," yule mama alisema, akijifunga mkanda na kumgeukia. "Bwawani ni mbali, au siyo?"

"Ni mbali kidogo, mama."

"Vizuri. Endesha polepole. Tuanze na mama yako: hajambo?"